Mke yuko Mtwara, mume yuko Ohio: kodi inajazwaje?

Sisi tulifunga ndoa Mikindani tarehe 27 Desemba 2021, zimebaki siku nne mwaka uishe. Mume wangu alikuwa ameshapata grini kadi ya bahati nasibu miaka miwili nyuma, akaja likizo, tukaozeshwa, baada ya wiki mbili akarudi Ohio kazini. Mwezi wa nne akaenda kwa mtu anayewajazia watu kodi mtaani kwao, akaulizwa mkeo yuko wapi, akasema yuko Tanzania, akaambiwa basi kama hayupo hapa wewe jaza singo. Akajazwa singo. Mwaka uliofuata hivyohivyo. Tukaja kushtuka alipoanza kuniandalia makaratasi ya kunivuta, wakili akaomba nakala za kodi zake za nyuma, akakuta kwenye fomu moja mtu anasema nina mke naomba aje, na kwenye fomu nyingine mtu huyohuyo amesaini kwamba hajaoa.

Naandika haya kwa sababu huku kwetu tuko wengi. Kuna wenye waume Oman, wengine Afrika Kusini, wengine ni hapo tu ng'ambo ya Ruvuma, na wengine kama mimi waume wako Marekani, na kila mtu anaambiwa lake. Mimi nimelifuatilia hili jambo karibu mwaka mzima kwa simu na kwa makaratasi, na nataka nilieleze taratibu, maana kosa lenyewe linaanzia kwenye kuchanganya vitu viwili ambavyo havihusiani, ndoa na mahali mtu anapolala.

Kwa Marekani moja ya maswali ya mwanzo ya fomu yao ya kodi, ile 1040, ni hali yako ya ndoa, na jibu linaangaliwa tarehe 31 Desemba. Siku ile kama una ndoa basi umehesabika una ndoa mwaka mzima, hata kama umeoa jana yake, na kama talaka imeshakamilika kisheria kabla ya siku hiyo unahesabika huna. Mke yuko chumba gani au nchi gani, hilo haliondoi ndoa. Ndoa ya Mikindani, ya Kilwa, ya Liwale, ya msikitini, ya kanisani au ya bomani, ikiwa ni halali hapa ilipofungwa na cheti kipo, kule wanaitambua. Ndoa ya mke wa pili hawaitambui, hata kama sheria yetu ya ndoa ya 1971 inaruhusu mitala, kwaiyo shemeji mwenye wake wawili, yule wa kwanza ndo anayehesabika kwenye fomu.

Sasa mwenye ndoa ana njia kuu mbili, na singo sio mojawapo. Anaweza kujaza kama mwenye ndoa lakini kivyake, au wakajaza pamoja, yeye na mkewe, fomu moja.

Ya kivyake ni rahisi. Mume anaandika mshahara wake tu, mapato ya mke aliye Lindi hayaguswi, na kama mke hana namba yoyote ya Marekani kwenye nafasi ya namba yake wanaandika herufi tatu, NRA, maana yake ni mgeni asiye mkazi. Basi. Ukijaza hivi unakosa nafuu kadhaa, kwa mfano nafuu za ada ya chuo na riba ya mkopo wa masomo hupati, lakini hujasema uongo. Na hapa ndo kinachoniuma mpaka leo, kwa mtu wa mshahara wa kawaida kama mume wangu kodi ya singo na kodi ya mwenye ndoa anayejaza kivyake hesabu yake ni ileile, punguzo la kawaida, yaani sehemu ya mapato isiyotozwa kodi, ni lilelile na viwango ni vilevile. Yaani alisaini uongo ambao haukumwokolea hata senti, na ungeweza kutuharibia safari.

Kujaza pamoja ndo kuna faida na ndo kuna kazi. Kisheria mgeni asiye mkazi hawezi kuingia kwenye fomu ya pamoja hivihivi, mpaka nyinyi wawili mkubaliane kwa maandishi kwamba mke ahesabiwe kama mkazi wa Marekani kwa mambo ya kodi. Kwa kodi tu jamani, haikupi viza, haikupi grini kadi, usije ukadanganywa na mtu. Barua inaandikwa fupi, inataja majina yenu wote, anwani na namba, inasema mmoja alikuwa mkazi au raia na mwingine sio mnamo siku ya mwisho ya mwaka na kwamba mnachagua wote mhesabiwe wakazi, mnasaini wawili, inaambatanishwa na fomu ya mwaka wa kwanza. Mwaka huo wa kwanza lazima mjaze pamoja, miaka inayofuata mnaweza kujaza pamoja au kila mtu kivyake lakini uamuzi wenyewe unaendelea kuwepo hadi mmoja wenu autengue, na ukishatenguliwa hamwezi kuufanya tena nyinyi wawili.

Tuweke hesabu mana bila hesabu ni maneno. Chukua mume amepata dola 40,000 mwaka 2025. Punguzo la kawaida la anayejaza kivyake mwaka huo ni dola 15,750, kwaiyo inayobaki kutozwa ni 24,250. Dola 11,925 za kwanza ni asilimia 10, zilizobaki asilimia 12, jumla inakuja kama dola 2,671. Sasa wajaze pamoja na mke wake ambaye ana vyumba anapangisha Chikongola na vinampa faida kama dola 2,000 kwa mwaka. Jumla yao ni 42,000, punguzo la wanaojaza pamoja ni 31,500, inabaki 10,500 na yote inatozwa asilimia 10, inakuwa dola 1,050. Tofauti ni dola 1,600 na kitu, karibu milioni nne za kwetu. Hiyo ni bati za nyumba.

Lakini umeona nimeingiza pango la mke. Hapo ndo wengi wanateleza. Ukichagua kujaza pamoja, mapato yako yote popote duniani yanaingia kwenye fomu ya Marekani, pango la Chikongola, duka la Lindi, mshahara wa ualimu, na hela ya korosho. Usiseme korosho ni mambo ya shamba. Kama una mikorosho Newala au Tandahimba na hela inaingia benki kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, baada ya mnada, ile ni mapato, unatoa gharama zako za salfa, palizi na vibarua wa kuokota, kinachobaki unakibadilisha kwenda dola kwa wastani wa bei ya dola ya mwaka mzima, wanaruhusu hivyo, sio lazima uhangaike na bei ya siku ya mnada. Kumbuka tu minada yetu inaanza mwezi wa kumi na hela nyingine inaingia Januari, na kwa wao kwa kawaida inahesabika mwaka uliyoipokea. Kama kuna kodi ya mapato uliyolipa TRA, mamlaka ya kodi ya Tanzania, kwenye mapato hayohayo kuna nafuu ya kuiondoa kwenye kodi ya kule kwa fomu 1116, ndo maana risiti usitupe.

Kwaiyo mke mwenye kipato kidogo au asiye na kipato, kujaza pamoja mara nyingi kunalipa. Mke mwenye kipato kikubwa, mfano yuko kwenye kampuni ya gesi au ana lodge yake Shangani, afanye hesabu zote mbili kwanza, inawezekana ikawa nafuu mume ajaze kivyake na yeye abaki nje kabisa ya mfumo wa wale watu. Na kuna jambo la pili hapa naomba dada zangu mlisikie vizuri, fomu ya pamoja ukiisaini deni ni la wote wawili. Kama mumeo alificha kibarua cha pembeni na wakaja kumgundua, wewe uliyesaini ukiwa Nachingwea nawe unadaiwa. Usisaini fomu ambayo hujaoneshwa. Mwambie akupigie video mpitie ukurasa kwa ukurasa, akikataa jiulize kwa nini.

Kuna hali ya tatu inaitwa mkuu wa kaya, ambayo punguzo lake la 2025 ni dola 23,625, na jamaa wengi kule wanaitumia vibaya. Ni kweli mtu ambaye mwenzi wake ni mgeni asiye mkazi, na hawajachagua ile ya kuhesabiwa mkazi, anaweza kuhesabika kama hana mwenzi kwa ajili ya hiyo hali peke yake. Lakini lazima awe na mtu mwingine anayestahili, kwa kawaida mtoto anayeishi naye kulekule zaidi ya nusu mwaka, na awe anabeba zaidi ya nusu ya gharama za nyumba. Mke mwenyewe hahesabiki kuwa ndo huyo mtu. Mtoto wenu anayelala kwa bibi yake Masasi hahesabiki. Na mama yako mzazi ambaye unamtumia hela kila mwezi hapo Kilwa Kivinje naye hahesabiki, kwa sababu tegemezi kwa sheria yao lazima awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, Canada au Mexico. Najua inauma, unamlisha mtu miaka kumi halafu unaambiwa kwenye karatasi hayupo, lakini ukimwandika ni kosa lako sio lao.

Sasa namba. Ili mke aingie kwenye fomu ya pamoja anatakiwa awe na namba ya mlipakodi, na kama hana namba ya soshal sekyuriti anaombewa ITIN, namba ya tarakimu tisa inayoanza na 9, kwa fomu W-7. Fomu hiyo haiendi peke yake, inaambatana na fomu ya kodi yenyewe, inatumwa kwa posta Austin, Texas, na pamoja nayo inakwenda paspoti. Ama paspoti halisi, ama nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa, yaani Uhamiaji wenyewe. Nakala iliyogongwa muhuri na wakili wa hapa mjini hawaipokei, mimi niliigonga, nikalipia, ikawa kazi bure. Kule kuna mawakala walioidhinishwa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wanaoweza kukagua paspoti wakakurudishia bila kuipeleka Texas lakini nao lazima waishike ile yenyewe, picha ya whatsapp haitoshi.

Tulivyofanya sisi, mume aliomba nyongeza ya muda mapema kwa fomu 4868, inakusogeza kutoka tarehe 15 Aprili mpaka 15 Oktoba, ila inasogeza kujaza tu haisogezi kulipa, kama unadaiwa riba inatembea tangu Aprili. Mimi nikatuma paspoti Dar kwa basi ili ipande kampuni ya usafirishaji iende Ohio. Ilikuwa Mei 2024. Wa kusini mnakumbuka Mei ile, kimbunga Hidaya, barabara imekatika Somanga, magari yamelala, na bahasha yangu ndani ya mmoja wa hayo mabasi. Nilikuwa nampigia kondakta asubuhi na jioni. Ilifika, alhamdulillah, lakini ndo maana nawaambia anzeni mapema, IRS wenyewe wanasema kwa anayeomba kutoka nje au msimu wa kodi wasubiri wiki 9 hadi 11. Na ITIN isipotumika kwenye fomu ya kodi kwa miaka mitatu mfululizo inakufa.

Ile miaka tuliyokosea tulirekebisha kwa fomu 1040-X. Mtu anayo miaka mitatu kwa kawaida tangu alipojaza kudai hela yake irudi, na kutoka hali ya singo ya makosa kwenda ya pamoja inaruhusiwa, ila aliyejaza pamoja akitaka kurudi kivyake baada ya tarehe ya mwisho kupita hawezi. Wakili alisema turekebishe kabla faili halijaenda popote na sisi tulikubali, kwa sababu mbele kuna fomu I-864 ambayo mume anaahidi kwamba ataweza kunitunza, wanataka kipato cha angalau asilimia 125 ya kiwango chao cha umaskini na ushahidi wake mkubwa ni hizohizo fomu za kodi. Ukizipotosha huku zinakusubiri kule.

Hayo ya kwao. Turudi nyumbani mana TRA nao wapo, na kwetu mambo yamekaa kitofauti, TIN, namba ya mlipakodi, ni ya mtu mmoja mmoja na kila mtu anaangaliwa kwa mapato yake.

Hela anayokutumia mumeo ya chakula, ada na ujenzi sio mapato yako. Sheria yetu ya kodi ya mapato ya 2004 inatoza mapato ya ajira, ya biashara na ya uwekezaji, na matumizi ya nyumbani kutoka kwa mwenzi wako hayapo humo. Ukiulizwa onesha miamala ya benki inayoonesha jina lake, usianze kutetemeka. Ila tangu tarehe 1 Januari 2026 Marekani wameweka kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma hela nje kwa kulipa keshi dirishani, akituma kutoka akaunti yake ya benki ya kule au kwa kadi ya benki ya kule haikatwi. Mwambie aache keshi.

Ikishageuka nyumba na nyumba ikapata mpangaji, hapo ndo inakuwa mapato, na swali linalofuata ni mapato ya nani. Sio ya anayekusanya, ni ya mwenye nyumba. Nyumba nyingi zilizojengwa Mtwara enzi za presha ya gesi zina hati kwa jina la mume aliye nje na mke ndo anapokea pango. Kama hati ni yako, wewe ni mkazi, kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye pango kabla halijakufikia, ni asilimia 10. Kama hati ni yake na yeye sio mkazi kikodi, ni asilimia 15. Tofauti hiyo watu hawaijui, wanalipia kwa TIN ya mke nyumba ya mume, na siku ya kuuza au ya mirathi makaratasi yanagombana.

Na nani mkazi? Hapa watu wanajua siku 183 tu, ukizimaliza hapa ndani ya mwaka wewe ni mkazi. Ni kweli lakini sio peke yake. Sheria inasema pia mwenye makazi ya kudumu Tanzania akawepo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo naye ni mkazi. Sehemu yoyote. Soma tena. Mume ana nyumba yake Ligula, mke na watoto wamo, anakuja Idi wiki mbili anaondoka, huyo anaweza kuhesabika mkazi, na mkazi anatozwa kwa mapato yake ya dunia nzima. Kuna pia kipimo cha wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili ya nyuma. Mkazi aliyelipa kodi nje anaweza kuomba nafuu ya kodi hiyo hapa, ila lazima awe na uthibitisho, na Marekani haimo kwenye nchi tisa tulizo nazo mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili, ambazo ni Afrika Kusini, Canada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Sweden na Zambia. Kwa waume wa Oman hili ni zito zaidi, kule saivi mshahara haukatwi kodi ya mapato, kodi yao inaanza 2028, asilimia 5 kwa kinachozidi rial 42,000, kwaiyo hakuna kodi ya kule ya kuonesha hapa. Mwenye kipato kikubwa na nyumba huku aende akaonane na mshauri wa kodi aliyesajiliwa, asibaki kusikiliza vijiweni.

Tarehe zetu nazo ni nyingine. Mwaka ni Januari hadi Desemba, kadirio la mwenye biashara linaingizwa kufikia 31 Machi na malipo yake yanakwenda kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, na ritani ya mwisho, yaani fomu ya mapato ya mwaka mzima, ni ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, tarehe 30 Juni. Mwalimu au nesi ambaye mshahara wake tu unakatwa na mwajiri wa hapahapa hana haja ya ritani, ila akiwa na vyumba vya pembeni hesabu yake ni nyingine. Kwangu mimi hii inamaanisha mahesabu ya pango nayafunga Januari, kabla ya kadirio la TRA, ili nakala ifike Ohio kabla ya Aprili. Natumia daftari moja la kaunta, kushoto shilingi, kulia dola, na risiti za TRA nazipiga picha siku ileile ninayolipa namtumia, yeye anazihifadhi kwenye faili lake kule.

ITIN yangu ilitoka Septemba, wiki chache kabla ya tarehe 15 Oktoba. Paspoti ilirudi kwa mume, akampa mtu anayekuja Dar, ikapanda tena basi la Mtwara, safari hii barabara inapitika.